Kuondoka au kubaki: matajiri wa Mji Mkongwe baada ya 1964

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 yaliwaweka wenye nacho wa Mji Mkongwe njia panda. Wengine hawakupata hata nafasi ya kuchagua: waliuawa.

Walioweza kuondoka waliondoka, wengi mikono mitupu. Miaka ya mwanzo walihangaika. Kisha Julai 1970 Sultani Qaboos akashika madaraka Oman na kuwaita wenye asili ya huko; Wazanzibari waliosoma wakapokewa wizarani na hospitalini, na Kiswahili chao kikatia nanga Muscat.

Waliobaki walilipa zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. Ardhi ilitaifishwa, nyumba nyingi zikachukuliwa. Mtu aliyezoea kuletewa kahawa barazani akajikuta kwenye foleni ya mchele, bega kwa bega na aliyekuwa akimfulia nguo. Wapo walionyamaza, wapo waliofungwa, na wapo walioshika chaki wakafundisha watoto wa shamba.

Kimali, kuondoka kulishinda. Mimi nawaheshimu zaidi walimu wale: elimu ilipotangazwa bure Septemba 1964, skuli zilihitaji watu waliosoma, nao walikuwepo.