Nilinunua TV ya chumbani, ya kwanza nikairudisha

Mi kazi yangu ni unesi, na nikipangwa zamu ya usiku maana yake nalala asubuhi naamka saa nane mchana, hiyo ndo jioni yangu. Sebuleni TV ipo ila ina wenyewe. Saa nane hiyo mama yuko kwenye marudio ya tamthilia yake ya Kituruki, saa kumi dogo karudi shule anataka game lake, mi nabaki na simu kifuani nimelala chali mpaka usingizi unanipitia na simu inanidondokea usoni. Mara ya tatu ilinipiga mdomoni nikasema basi, mwezi huu nanunua smart TV yangu ya chumbani, liwalo na liwe.

Bahati nzuri kabla ya kwenda dukani nilipima. Ukuta unaotazamana na kitanda uko kati ya kabati na mlango, nikaupima kwa futi kamba nikapata sentimita 88. Sasa ile inchi 43 au inchi 32 inayoandikwa inapimwa kona kwa kona, sio upana. Inchi 43 ukija upana wake ni kama sentimita 96, kwangu haikai hata uibembeleze. Inchi 32 ni kama 72, inakaa na pembeni panabaki pa kupitisha mkono. Nikachukua boksi nikalikata ukubwa huo, nikalibandika ukutani kwa selotepu, nikapanda kitandani nikajilaza kama ninavyolalaga siku zote kuona shingo inasemaje. Mama akapita mlangoni akaniona nimetulia naangalia boksi, akasimama, akaniuliza "Sasa hiyo imefikia wapi?"

Macheko yake yasikutishe, lile boksi ndo limenisaidia kuliko kitu chochote, maana kutoka kwenye mto wa kulalia hadi ukutani ni mita mbili na ushee tu, na kwa umbali huo 32 inatosha kabisa. Wanaokwambia ongeza hela kidogo uchukue 43 hawajakuuliza kitanda chako kimekaa wapi.

Kariakoo nilienda siku ya off, na nikafanya kosa la kutoka bajajini nimeshika hela mkononi. Nikaangukia kwa winga, wale madalali wa mtaani wanaokupeleka dukani. Kijana mchangamfu, "dada yangu njoo, bei ya jumla, kwa ajili yako", akanizungusha maduka mawili akanifikisha kwenye moja na hapo nikauziwa inchi 32, "dabo glasi", "Android", boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa, laki tatu na kumi. Wakaiwasha, wakafungua YouTube, taarabu ikapiga vizuri, nikalipa. Kitu kimoja tu nilifanya cha akili siku ile, niliganda pale kaunta mpaka nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji alinuna lakini alitoa.

Nyumbani ndo sinema ikaanza. Kwanza ile 4K. Nikaingia kwenye setingi kuangalia, ubora wa skrini unasoma 1366 kwa 768, yaani HD ya kawaida kabisa, wakati 4K ni 3840 kwa 2160. Dogo akanielewesha kuwa wanachomaanisha ni kwamba ukiipa video ya 4K inaweza kuisoma, ila kioo chenyewe hakina uwezo wa kuionyesha hivyo. Kwa inchi 32 sikuumia sana maana kwa umbali ule huwezi kuona tofauti kubwa, nilichoumia ni kudanganywa.

Pili ile Android ilikuwa ni Android ya simu imevalishwa nguo za TV. Play Store yake ni ile ya simu, programu nyingi zinasubiri uguse kioo kwa kidole wakati wewe una rimoti, kwa hiyo inabidi uwashe kale kamshale ka mausi ukasogeze taratibu kama unaendesha ng'ombe. Netflix ilifunguka lakini picha ina ukungu, kumbe kifaa wasichokiidhinisha wanakibania kwenye ubora wa chini hata kama bando lako ni la moto.

Tatu, hii ndo iliyonimaliza. Umeme ukikatika ukirudi, TV inaamka inadhani ni tarehe 1 Januari 1970. Sio utani. Sasa ukifungua YouTube inakwambia angalia intaneti yako, na intaneti ipo, simu iko pale pale inapiga kazi. Nimehangaika siku mbili nazima nawasha. Kumbe tovuti hizi zinajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, TV ikiamini tuko 1970 inaona cheti hakijaanza kutumika inakataa kuunganisha. Ukienda kwenye setingi ukaweka tarehe kwa mkono inapona hapo hapo. Ila kwa umeme wetu huu nikae napanga tarehe kila siku, mimi ni nesi au ni kalenda?

Na dabo glasi sasa. Ni kioo kigumu cha ziada kimewekwa mbele ya skrini, na kwa wenye watoto wanaorusha vitu sebuleni sina ubishi, ina faida. Ila mimi naangalia saa tisa mchana, dirisha liko kushoto, pazia jepesi. Kila picha ikiwa ya giza najiona mwenyewe, naona neti, naona kanga niliyoianika kwenye mlango wa kabati. Afu nzito.

Nikairudisha. Sitasimulia yote maana nitapandisha presha, ila kwa kifupi ukutani kwao kumeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, yule winga simwoni, muuzaji hanikumbuki. Nilivyotoa risiti akanikumbuka. Hela hawakurudisha, tulikubaliana nibadilishe niongeze 85,000 nichukue nyingine, na safari hii mi ndo nikawa nauliza maswali. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikuona aibu. Niliwaambia waunganishe na hotispoti ya simu yangu mwenyewe, nikafungua Netflix nikaona rimoti inatii bila kamshale, nikaingia kwenye "kuhusu" nikahakikisha ni Google TV ya kweli, ile Android iliyotengenezwa kwa ajili ya TV, yenye akaunti na kutuma video kutoka kwenye simu. Halafu nilikuwa nimebeba flashi yenye picha tano tu za rangi tupu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, dogo ndo alinitengenezea. Ukiiweka nyeupe vidoti vilivyokufa vinajionyesha, ukiiweka nyeusi unaona kama mwanga unavuja pembeni. Moja ya kwanza waliyonitolea ilikuwa na kidoti kinawaka kijani karibu na kona, nikaikataa wakaleta nyingine. Jina la kampuni nakaa nalo, nisije nikaambiwa nimelipwa.

Kwenye bajaji niliishika imesimama wima, usiilaze jamani, kioo chembamba hiki mashimo ya barabara yanakipasua na dukani watakwambia umeipasua mwenyewe.

Kuifunga. Baba mwenye nyumba tuliongea nae, alikubali matundu manne kwa sharti niyazibe na kupaka rangi siku nikihama. Fundi akaja na drili na braketi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono juu kabisa karibu na dari, "dada hapa ndo panapendeza." Nikamwambia kaka hapa sio baa. Nikapanda kitandani nikajilaza na viatu vimebaki chini, nikamwambia ashikilie lile boksi langu, shusha, shusha, hapo hapo. Kwa mtu wa kulala TV inaweza kukaa juu kidogo kuliko ya sebuleni, lakini braketi iwe ile inayoinama mbele kuelekea kitandani, usinunue ile ya kubana tu ukutani kwa sababu ni bei rahisi. Na uangalie matundu ya nyuma ya TV yamekaa vipi, yangu ni sentimita 10 kwa 10, na skrubu za kushikia hazikuwemo kwenye boksi, fundi alizitoa kwenye kopo lake.

Ukuta wetu ni wa tofali za sementi na plasta yake ya kimasihara, tundu la kwanza likamomonyoka likawa pana kuliko fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani. Nikamwona fundi anaingiza mkono mfukoni anatoa kiberiti, anataka kujazia njiti! Nikasema hapana, TV inaning'inia usawa wa miguu yangu, nenda kanunue fisha kubwa zaidi. Alienda. Alirudi na fisha namba 10 badala ya 8 na skrubu ndefu, akazama zaidi ya plasta mpaka kwenye tofali lenyewe. Akimaliza nilimwambia aning'inize mkono wake kwenye braketi kabla hatujaweka TV.

Waifai nayo ilinitoa jasho la bure. Simu yangu hotispoti ilikuwa imewekwa kwenye masafa ya 5GHz, na TV hii inasoma 2.4GHz peke yake, kwa hiyo ilikuwa inaona waifai za majirani wote isipokuwa ya kwangu. Unaingia setingi ya hotispoti kwenye simu unabadilisha kwenda 2.4, kwa wenye iPhone kuanzia 12 kuna kitufe cha kuongeza uwezo wa kuendana na vifaa vingine, unakiwasha. Dakika moja. Mimi nilitumia jioni nzima.

Bando ndo uangalie sana. Netflix ubora wa kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, ukiiachia HD ni kama GB 3. TV haijui kama unanunua bando la buku, yenyewe inachukua ubora wa juu kadri mtandao unavyoruhusu. Mimi YouTube naiweka 480 kwa mkono, kwenye inchi 32 kwa mita mbili inaangalika vizuri tu, sura za watu unazijua na maandishi unayasoma.

Nilijaribu na ujanja wa king'amuzi. Kipo sebuleni kimechomekwa HDMI, nikasema nitoe waya wa AV nyuma yake niupitishe juu ya mlango mpaka chumbani. Ikakubali, picha safi. Ila king'amuzi ni kimoja, kwa hiyo chaneli ni moja, mama akihamisha na mimi nimehamishwa. Niko dakika ya 80 ya Simba na Yanga ghafla naletewa harusi ya Istanbul. Waya nimeuchomoa.

Sasa mambo ya usiku, na hapa ndo TV ya chumbani inatofautiana na ya sebuleni. Ikitoka kiwandani mwanga uko juu kwa ajili ya kupendeza dukani, chumbani gizani inakuchoma macho kama tochi ya daktari. Mwanga wa nyuma nimeushusha hadi 20, picha nimeweka mtindo wa filamu, rangi zinakuwa za joto kidogo, siku ya kwanza utaona kama imechafuka, siku ya tatu huwezi kurudi. Taimu ya kulala dakika 60. Kile kitaa chekundu cha chini kilikuwa kinanikera nimekiziba na tepu nyeusi ya umeme. Spika zake ziko chini zinaangalia sakafu kwa hiyo maneno hayasikiki vizuri, ukipandisha sauti mama anagonga ukuta, kwa hiyo natumia earphone za Bluetooth, midomo na sauti vinapishana kidogo sana ila nimezoea.

Na neti. Hili sijawahi kusikia mtu analiongelea. Ukiangalia TV ukiwa ndani ya chandarua cheupe taa ikiwa inawaka, picha yote ina utandu, nikadhani TV ni mbovu na hii nayo. Zima taa ya juu. Chandarua kinapotea kabisa kama hakipo. Rimoti inapita kwenye neti bila shida.

Nimeweka TV gadi, ile ya kusubiri kidogo umeme ukirudi kabla ya kuruhusu. Kwa matumizi, mgongoni imeandikwa 55W, mi naangalia kama saa nne kwa siku, hiyo ni unit 6.6 kwa mwezi. Kwetu tuko kwenye tarifu ya unit moja shilingi 356 kodi zikiwemo humo humo, inakuja kama 2,350. Mama alikuwa ameshanipangia nichangie elfu kumi ya LUKU kwa ajili ya "hilo litv lako", nikamtolea kikokotoo.

Malalamiko yapo. Ni nzito kuamka, ukiiwasha inawaza kama nusu dakika, na nafasi ya ndani ni GB 8 ambayo nusu imeshaliwa na programu zilizokuja nayo na nyingine hazifutiki. Kitufe cha Netflix kwenye rimoti kiko pale kidole gumba kinapopumzika, nimekibonyeza kwa mto mara ngapi sijui.

Waranti ni mwaka mmoja. Boksi liko juu ya kabati, na risiti nimeipiga picha siku ile ile, maana zile karatasi za EFD zikikaa miezi kadhaa maandishi yote yanafutika unabaki na karatasi nyeupe.