Kujitoa mhanga kwenye gemu: NieR: Automata inalipa, Fallout 3 inababaisha

Tahadhari kwa ambaye hajamaliza: miisho inatajwa hapa waziwazi.

Shida ya shujaa wa gemu kufa kwa ajili ya wenzake ni kwamba mchezaji ameshamuua mara kibao kabla ya hapo, na kila mara amerudi pale alipohifadhi. Akifa tena kwenye video ya dakika mbili, padi imelala mapajani, hakuna aliyepoteza kitu. NieR: Automata (PlatinumGames, 2017, mwongozaji Yoko Taro) inalijua hilo tangu mwanzo.

Utangulizi wake hauna pa kuhifadhi. Ukifa mbele ya bosi wa mwisho, unarudi mwanzo kabisa, na kwenye kiwango cha Hard makombora machache tu yanakumaliza; anza na Normal. Mwishoni mwake roboti wawili, 2B na 9S, wanajilipua kwa black box zao, yaani viini vya nishati vilivyomo miilini mwao. Muda si mrefu wamo kwenye miili mipya. Kifo cha bure? Sivyo: 9S aliwahi kutuma kumbukumbu za 2B peke yake, si zake mwenyewe, kwa hiyo 9S hakumbuki kwamba walishirikiana. Mwili ni rahisi kubadilishwa, kilichokufa ni kufahamiana kwao.

Njia B, yaani duru ya pili ya gemu, inachosha, maana sehemu kubwa ni matukio yaleyale unayoyarudia ukiwa 9S. Ivumilie. Ukishapata mwisho C na D (miisho ya gemu hii inaitwa kwa herufi), inakuja E: majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini na kukurushia risasi, na kachombo kadogo unakokaendesha hapo hakafui dafu. Ukianguka unaulizwa kama unakubali kushindwa. Jibu hapana, na uendelee hivyo hadi utakapoahidiwa msaada. Ukiupokea, vyombo vya wachezaji wengine vinakuzunguka na kufyatua pamoja nawe. Kila kimoja kikipigwa, unaarifiwa kwamba data ya fulani imepotea. Kiufundi ni kiini macho, kwani huyo fulani alishaifuta data yake siku aliyokubali. Hata hivyo kinafanya kazi, kwa sababu muda mfupi baadaye zamu ni yako: uko tayari kufuta data yako yote ili kumsaidia mtu usiyemjua? Ukikubali, unathibitisha tena na tena, kisha menyu inafutwa mbele ya macho yako, kurasa za silaha na ramani zikienda moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo sadaka iliyotulia, maana anayelipa ni wewe.

Ilinganishe na Fallout 3 (2008). Mwishoni lazima mtu aingie kwenye chumba chenye mionzi ya kuua ili kuwasha mtambo wa maji. Unaweza kuwa na Fawkes pembeni, jitu lisilodhurika na mionzi, ambalo saa chache nyuma liliingia kwenye mionzi ya handaki la Vault 87 kukuchukulia GECK, kifaa kinachohitajika kwa mtambo huo. Mwambie aingie: anakataa, eti hiyo ni hatima yako! Kanuni iliyofundishwa na gemu yenyewe inavunjwa ili upate machozi. Nyongeza ya Broken Steel (2009) ndiyo iliyoruhusu kumtuma.

Mass Effect (2007) iko katikati. Kwenye sayari ya Virmire unamwacha mmoja wa wenzako wa kikosi, Ashley au Kaidan, afe, na huyo hutamwona tena kikosini. Kasoro ni kwamba wengi humwacha yule wasiyemtumia vitani, kwa hiyo uamuzi unakuwa wa hesabu tu. Halo: Reach (2010) inafanya vizuri zaidi kwa maneno machache: baada ya majina ya watengenezaji unaachwa peke yako, lengo pekee likiwa kubaki hai, na hakuna namna ya kushinda. Kofia inazidi kupasuka mbele ya uso wako huku padi ikiwa bado mkononi.

Kwa anayeelekea mwisho E: maliza kwanza misheni za pembeni na vikombe vyako, kwa kuwa baada ya C unaweza kurudi sura yoyote, lakini ukifuta hakuna sura ya kurudia. Kwenye PS4 inawezekana kunakili faili kwenye flashi kabla ya kukubali, na huo ndio upenyo mkubwa wa tukio lote. Asiyetaka kufuta akatae tu. Mwisho E utahesabiwa vilevile na data yake itabaki.