"Wenzako Wanapika, Zinatoka": Uzoefu Wangu na Unga wa Chapati za Maji Wenye Protini

Neno "wenzako" ni neno zuri mpaka uambiwe na kijana wa dukani, mbele ya wateja watatu usiowajua, ukiwa umeshika pakiti ya unga iliyofunguliwa na risiti yake. Nililitafakari neno hilo ndani ya daladala kutoka mjini hadi Kitangiri, hapa Mwanza, nikaendelea kulitafakari jioni nilipokuwa nachambua dagaa, na nina hakika kuwa unga wenyewe ningekuwa nimeshausamehe zamani kama kijana yule angenyamaza. Msomaji aliyekuja hapa kutafuta kama anunue au asinunue anivumilie, kwa sababu mpaka ninapoandika haya sijaweza kuutenganisha unga na kaunta ulikouzwa.

Niliununua miezi kadhaa iliyopita, karibu na wakati shule zilipofunguliwa, baada ya kuchoka kuwasikia wanangu wawili wadogo wakilalamika kwamba ikifika saa nne asubuhi hawamsikii tena mwalimu kwa sababu ya njaa. Kifungua kinywa chetu kilikuwa kile kinachojulikana katika nyumba nyingi za hapa: chai ya rangi, andazi au kipande cha mkate, na siku ya bahati viazi vitamu vilivyolala. Duka, ambalo sitalitaja, liko katikati ya mji, upande wa Makoroboi, na pakiti zilikuwa zimepangwa karibu na mlango zikiwa na picha ya chapati nene zilizopandana kama matofali, asali ikizitiririkia. Ziliitwa panikeki, jina ambalo chapati za maji hupewa siku hizi zinapotaka kuuzwa ghali, na chini ya jina hilo paliahidiwa protini nyingi kwa familia nzima. Nililipa shilingi 9,000 kwa kilo moja.

Naomba jambo moja lisisahaulike. Mume wangu anafanya kazi ya kupokea na kupakia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Nyumbani kwetu haijapata kupita wiki bila dagaa, na sangara na sato tunawaona wakishushwa kutoka mitumbwini. Nami nikaondoka katikati ya utajiri huo wote wa protini, nikapanda daladala, nikaenda kuinunua kwenye pakiti yenye picha ya asali. Mume wangu hakusema kitu. Aliitazama pakiti, akanitazama mimi, akaenda kuoga.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, nikafuata maelekezo ya pakiti neno kwa neno, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi hata kwa dawa. Maelekezo yalitaka vikombe viwili vya unga, maji, yai moja, na dakika moja kwa kila upande juu ya kikaango. Chapati ya kwanza ilishika. Sikuhangaika, kwa sababu ya kwanza hushika kila nyumba. Ya pili ilipasuka katikati nilipoigeuza, ya tatu ikawa makombo, na nilipofika ya sita nilikuwa napika kitu kilichofanana na mayai yaliyovurugwa yakamwagikiwa mchanga. Niliongeza mafuta, nikapunguza moto, nikabadili kikaango, nikabadili mwiko, na kama ningekuwa na jiko la pili ningebadili jiko. Harufu ilikuwa ya maharage mabichi, ile inayokaa kooni, na mwanangu wa mwisho, ambaye hana adabu ya kudanganya, alisema kuwa chapati inanuka majani. Walikula kidogo kwa kunionea huruma. Kabla ya saa sita mchana matumbo yalikuwa yamejaa gesi, na yaliyotokea nyumbani mchana huo sitayaandika.

Jumatatu nilirudi dukani. Sikwenda kugombana, naomba hilo lieleweke. Nilikwenda na pakiti yangu, nikiwa nimekusudia kuuliza kwa upole kama kuna kosa katika maelekezo au kama kifurushi hicho kilikuwa na hitilafu, na kama kungekuwa na uungwana wowote ningebadilishiwa nikaondoka. Kaunta alikuwapo kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, vipokea sauti vikiwa masikioni. Hakunipa shikamoo. Wapo watakaosema kuwa shikamoo ni mambo ya kizamani na kwamba duka si ukweni; mimi nasema kwamba kijana wa Mwanza asiyempa shikamoo mama anayemletea malalamiko ameshakuambia jinsi malalamiko yatakavyopokelewa. Nilieleza yote: kushika, kupasuka, harufu, matumbo. Alitoa kipokea sauti kimoja, kimoja tu, akaigeuza pakiti kana kwamba kosa langu lingeonekana nyuma yake, kisha akasema, "Mama, unga hauna shida. Wenzako wanapika, zinatoka."

Mteja mmoja alicheka. Hakucheka sana, lakini nilimsikia.

Nimepika chapati za maji tangu nikiwa na miaka tisa, kwenye mafiga, kwa kuni zenye moshi, nikisimamiwa na marehemu bibi yangu ambaye aliyefanya mchezo na unga alimpiga mwiko. Nimezipika kwenye misiba na kwenye maulidi ya majirani. Sijui hao wenzangu wanaopika zikatoka ni akina nani, wanaishi mtaa gani, na kwa nini wamwambie yeye wasiniambie mimi. Nilitaka kuyasema hayo yote pale pale, lakini kilichonitoka kinywani ni "Haya, asante," kwa sababu hasira ikizidi mimi huwa na adabu kupita kiasi. Nimejilaumu kwa asante hiyo kuliko kwa zile shilingi 9,000.

Hapa ndipo uzoefu wangu ungekoma, na hukumu ingekuwa nyepesi: msinunue. Lakini wiki mbili tatu baadaye mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Magu, akaikuta pakiti juu ya kabati, akaifungua, akanusa, akaweka unga kidogo ulimini, akauliza, "Mwanangu, soya hii mmeikaangia wapi?" Nikamwambia kuwa haikukaangwa popote, ilitoka hivyo dukani. Akacheka kwa namna ambayo haikuniuma hata kidogo, na tofauti kati ya kicheko hicho na kile cha dukani ningeweza kuiandikia ukurasa mzima.

Maelezo yake, ukiunganisha na yale niliyoyakumbuka kutoka sekondari, ni haya. Soya mbichi ina vitu vinavyoizuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini katika utumbo mwembamba, na kinachoviondoa vitu hivyo ni moto wa kutosha, hasa wa kuchemsha. Ukiisaga soya ambayo haijachemshwa wala kukaangwa vizuri, halafu ukamwambia mpishi aigeuze kila upande kwa dakika moja, unamlisha mtoto protini ambayo tumbo lake limekatazwa kuitumia. Tena soya haina gluteni, ule utando wa ngano unaoifanya chapati ikunjike bila kukatika, kwa hiyo unga ukiwa na soya nyingi na yai moja pekee hauna cha kujishikia, hata kama anayepika ni malaika.

Alichofanya mama mkwe hakikuwa kwenye pakiti. Alichukua kikombe kimoja cha unga ule, akakikoroga katika kikombe na nusu cha maji baridi ili usifanye madonge, akaubandika jikoni na kuupika kama uji mzito kwa dakika 20 hivi, akikoroga bila kuondoka, mpaka harufu ya maharage mabichi ikageuka kuwa harufu ya karanga. Akauepua, akauacha upoe kabisa, kwa sababu mayai yakikutana na uji wa moto yanaiva vipande vipande. Kisha akatia maziwa nusu lita, mayai manne, ngano kikombe na nusu, chumvi, sukari kiasi na iliki, akakoroga, akafunika bakuli na kukaa kibarazani kwa nusu saa ili ngano inywe maji. Nilimwuliza kama kusubiri huko ni lazima. Alinijibu kuwa si lazima, na hakunyanyuka.

Chapati zilitoka. Naandika hivyo kwa shida kwa sababu ni neno lile lile la yule kijana, lakini zilitoka: laini, za rangi ya dhahabu, zinakunjika mara nne bila kupasuka, na zina utamu fulani mzito ambao chapati za ngano tupu hazina. Wanangu walikula tatu tatu. Mume wangu alikula nne, akauliza kama ni ule unga wa asali. Jumatatu yake watoto walirudi kutoka shuleni wakasema njaa ya saa nne haikuja, na jioni hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba huu ndio unga bora niliowahi kuununua Mwanza, na kuiomba radhi pakiti nzima.

Kisha usiku nikakaa na daftari la mwanangu wa kidato cha pili, nikapiga hesabu, na radhi nikairudisha. Yai moja lina protini ya gramu 6 hivi, kwa hiyo manne yanatoa 24. Maziwa nusu lita yanatoa kama 16. Ngano gramu 300 zinatoa karibu 30. Jumla ni 70, nasi tukiwa watano bila mgeni kila mmoja anapata gramu 14 kabla hatujagusa pakiti ya mtu. Sasa toa gramu 100 za ngano, weka mahali pake gramu 100 za unga wao, na tuukopeshe heshima ya kuuhesabu kuwa ni soya tupu, ingawa pakiti yenyewe inakiri kuwa umechanganywa na mahindi: soya ina gramu 36 hivi katika kila 100, kwa hiyo jumla inapanda hadi 96, na kila mtu anapata 19. Gramu tano za nyongeza. Hazifiki hata yai moja. Kumbe protini nyingi kwa familia nzima ilikuwa imekaa kwenye trei ya mayai ya mama wa genge nyumba ya tatu kutoka kwangu, ambaye kila asubuhi hunisalimia vizuri.

Wapo watakaoniuliza kwa nini basi nisitie unga wa dagaa. Nilijaribu. Paka wa jirani alifurahi sana.

Mama mkwe, kabla ya kuondoka, alinishauri kuachana na soya ya watu na kutumia dengu, ambazo kwao hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikiwa zinaishia na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini, kisha zikauzwa kwa bei ya kawaida tu. Protini yake ni pungufu kuliko ya soya, gramu 20 na kitu kwa kila 100, lakini unga wake ndio ule ule tunaoupikia bajia, kila mtu anaujua, na ukichanganywa robo kwa ngano robo tatu haudai kuchemshwa kwanza, unadai tu moto wa wastani na subira kidogo zaidi kwenye kikaango. Sasa tunapika hivyo siku nyingi. Lakini siwezi kudanganya: chapati za ule uji wa soya ni tamu zaidi, na mwanangu wa mwisho, yule aliyesema zinanuka majani, huziulizia kila Ijumaa jioni. Kwa hiyo mkiniuliza kama unga huu unafaa, nitasema unafaa kwa mtu mwenye mama mkwe. Kwa mwingine yeyote haufai, na aliyeandika maelekezo yale hajawahi kuupika. Au ameupika akala peke yake.

Pakiti ilipobaki kama robo, nilifanya jambo ambalo mume wangu aliniomba nisilifanye. Nilipika chapati sita asubuhi, nikaziweka kwenye hotipoti, nikapanda daladala hadi mjini, nikaingia dukani, nikaifungua hotipoti juu ya kaunta. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumweleza kuhusu tripsini, kuhusu dakika ile moja, kuhusu maelekezo yanayopaswa kubandikwa upya kwenye kila pakiti kabla mtoto mwingine hajaumwa tumbo, na mwisho kabisa nilitaka kumwuliza kuhusu hao wenzangu. Yule kijana alitoa vipokea sauti, vyote viwili safari hii, akachukua chapati moja kabla sijamkaribisha, akaila yote akiwa amesimama, akachukua ya pili, akafuta vidole kwenye suruali.

"Umeona sasa, mama?" akasema. "Si nilikuambia unga hauna shida?"

Niliifunga hotipoti yangu ikiwa na chapati nne, nikasema haya, asante, nikaenda zangu stendi.