Matairi ya baridi kwa gari la spoti la kusukumwa nyuma: anza na rimu, jina la kampuni baadaye

Mwenye gari la spoti linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Ford Mustang, Toyota GR86 au Mazda MX-5, anayetafuta matairi ya theluji huanza karibu kila mara na swali moja: ninunue Michelin au Continental? Swali hilo linafaa kuja la tatu. La kwanza ni kipenyo na upana wa rimu, la pili ni baridi ya namna gani gari litakutana nayo. Ukikosea hayo mawili, hakuna jina litakalokuokoa kwenye mlima wenye barafu.

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka kwenye nyuzi 7 hivi. Barabara inaweza kuwa kavu kabisa, jua linawaka, na bado breki zikachelewa. Matairi yanayokaribia ya mashindano, kama Pilot Sport Cup 2, yana hatari ya ziada: kwenye baridi kali mpira unaweza kupasuka ukikunjwa, hata kwa kulisogeza gari tu ndani ya gereji. Halafu kuna suala la gari lenyewe. Tairi la nyuma linasukuma, na wakati huohuo ndilo linaloshikilia mkia usichomoke. Ukikanyaga mafuta kidogo tu kuliko uwezo wake, linapoteza kazi zote mbili kwa mkupuo. Difu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) ya kawaida itazungusha gurudumu moja na gari litakwama palepale. Difu ya kubana, iliyomo kwenye magari mengi ya spoti, itazungusha yote mawili, na hapo mkia unakwenda pembeni kabla hujajua. Mfumo wa kuzuia mserereko husaidia, lakini kazi yake ni kugawa mshiko uliopo. Hauwezi kutengeneza mwingine.

Kwa hiyo nunua manne. Wapo wanaofunga mawili ya nyuma kwa hoja kwamba ndiyo yanayosukuma. Gari litaondoka vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza usukani utageuka na gari litaendelea kwenda mbele. Kufunga mawili ya mbele ni kubaya zaidi: unafunga breki, mbele panashika, nyuma panakupita.

Sasa rimu. Magari haya mengi hutoka kiwandani na matairi mapana, ya nyuma mapana kuliko ya mbele. Kwenye lami kavu upana huo ni raha, kwenye theluji ni mzigo. Tairi pana huelea juu ya theluji na kuisukuma mbele yake kama jembe, ilhali jembamba huikata na kufika chini palipo imara. Ubavu mrefu nao unailinda rimu na mashimo yaliyofichwa na theluji. Shuka inchi moja ya rimu, punguza upana, na kama gari linaruhusu, funga saizi moja pande zote nne.

Tuchukue Mustang GT yenye kifurushi cha Performance. Mbele ina 255/40R19 (upana milimita 255, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu inchi 19), nyuma 275/40R19. Mustang GT ya kawaida ilitoka na 235/50R18 magurudumu yote manne. Piga hesabu ya kipenyo: upana mara asilimia ya ubavu mara mbili, jumlisha rimu kwa milimita, na inchi moja ni milimita 25.4. Tairi la mbele linatoa 204 + 482.6, yaani 686.6. La nyuma ni 220 + 482.6, yaani 702.6. Saizi ya inchi 18 inatoa 235 + 457.2, yaani 692.2. Ukilinganisha na la nyuma umepungukiwa asilimia 1.5 tu, na mshale wa mwendo utadanganya kwa kiasi hichohicho. Ukizidi asilimia 3 anza kuwa na wasiwasi. Jambo ambalo wengi hawalipimi ni tofauti kati ya mbele na nyuma: ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki) na mfumo wa mserereko hulinganisha mizunguko ya magurudumu, na uwiano ukihama sana kutoka ule wa kiwandani, taa zitawaka kwenye dashibodi au breki zitaanza kuingilia bila sababu.

Hesabu imekubali, lakini breki je? Kifurushi hicho kina diski za mbele za milimita 380. Toa 380 kwenye 457 ya rimu ya inchi 18: zinabaki 77, yaani 38 na kitu kila upande, na humo ndimo upite mgongo wa kalipa (kifaa kinachobana diski), unene wa rimu yenyewe na bonde lake la katikati. Zipo rimu za inchi 18 zinazopita na zipo zinazokwaruza kalipa, na haziwezi kutofautishwa kwa picha. Umbo la spoki nalo lina neno, kwa kuwa kalipa yenye pistoni sita hutokeza nje. Mwuzaji mzuri wa rimu ana kiolezo cha karatasi cha kalipa. Kichape kwa kipimo halisi, kikate, kiweke kwenye rimu. Pakibaki chini ya milimita 3, iache.

GR86 haina shida kubwa. Saizi zake ni 215/40R18 au 215/45R17 kutegemea toleo, na vipenyo vinapishana milimita 4 tu, basi chukua ya 17. MX-5 ya kizazi cha nne ni hivyohivyo: 195/50R16 ni saizi ya kiwandani na inatosha hata kwa mwenye 205/45R17, ila matoleo yenye kalipa za Brembo yanataka kupimwa kwanza. Porsche 911 ni habari nyingine kabisa. Uzito wake mwingi umelala nyuma, na tofauti ya upana kati ya mbele na nyuma ni sehemu ya namna gari linavyotulia. Hapo usijaribu kusawazisha saizi. Fuata jedwali la kiwanda na utafute tairi lenye alama ya N ubavuni, inayoonyesha kwamba Porsche wamelipima na kulikubali.

Tundu la katikati la rimu lisisahauliwe. GR86 ni milimita 56.1, Mustang 70.5. Rimu isiyo ya kiwanda cha gari huwa na tundu kubwa zaidi, na pete ya kati inayojaza nafasi hiyo isipowekwa usukani utatikisika kwa mwendo wa kilomita 90 hata balansi ikiwa safi. Pete za plastiki zinafanya kazi. Za alumini huganda kwa chumvi ya barabarani na kumtoa fundi jasho.

Tukija kwenye matairi yenyewe, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake ni tamko la mtengenezaji, hazithibitishi jaribio lolote, na Ujerumani imeacha kuzikubali peke yake kwa majira ya baridi tangu 1 Oktoba 2024. Chini ya alama ya mlima kuna koo mbili za matairi, na herufi ya kila moja inaonyesha mwendo wake wa juu. Ya kwanza ni matairi ya barabara kuu, ya herufi H (kilomita 210 kwa saa), V (240) au W (270). Ya pili ni yale laini ya nchi za kaskazini yasiyo na njumu (vijino vya chuma), ya Q (160), R (170) au T (190), na machache ya H.

Katika ukoo wa kwanza, Michelin Pilot Alpin 5 ndilo linalofanana zaidi na tabia ya gari la spoti. Usukani unajibu, kashata (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) hazilegei kwenye kona kavu, na mikato yake myembamba inaendelea kufanya kazi tairi likiwa limeshatumika. Udhaifu wake uko kwenye barafu tupu, na kwa mtu anayeishi na lami iliyosafishwa si hoja kubwa. Bridgestone Blizzak LM005, la mwaka 2019, lina daraja la A la mshiko kwenye maji na linastahili: kwenye mvua ya nyuzi 3 ndilo ningelikabidhi breki. Lakini kwenye lami kavu kashata zake zinayumba, na mwenye kuendesha kwa hisia atalalamika tangu mzunguko wa kwanza wa barabara. Continental WinterContact TS 860 S liko katikati, halina kitu kinachoudhi. Kwa BMW au Mustang inayokula barabara kuu kila siku, hapo ningeishia.

Ukoo wa pili ni wa mahali ambapo barafu inakaa wiki nzima. Nokian wa Ufini walianza kutoa Hakkapeliitta mwaka 1936, na toleo la R5 linaonyesha umri huo: gari la kusukumwa nyuma linaondoka kwenye barafu iliyosuguliwa bila drama. Bei yake inalipwa siku barabara inapokauka, maana usukani unakuwa kama unakoroga uji. Bridgestone Blizzak WS90 lina mpira wenye vitundu vidogo vinavyofyonza maji yaliyo juu ya barafu, lakini mpira huo umo kwenye tabaka la juu tu. Likilika kupita nusu, unabaki na tairi la kawaida lenye jina kubwa. Michelin X-Ice Snow hudumu zaidi, na likiwa la H hata barabara kuu haliiogopi. Injini yako ikiwa na nguvu nyingi, kumbuka kwamba mpira huu laini huliwa haraka sana na mguu mzito.

Wakati wa kufunga, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 3824 ni wiki ya 38 ya mwaka 2024. Matairi yenye mshale yafungwe kwa mwelekeo wake. Likigeuzwa, mifereji inavuta maji ndani badala ya kuyatoa. Nati zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), gari likiwa limeshushwa: 120 Nm kwa GR86, 204 kwa Mustang, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita 300 za mwanzo endesha taratibu, mpira mpya una utelezi wa kiwandani.

Upepo wa ndani ya tairi ndio unaoharibu kazi yote hii kimyakimya. Joto likishuka nyuzi 10, presha hushuka karibu 0.1 bar. Ukijaza 2.3 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 na nje ni 10 chini ya sifuri, barabarani una 2.0, na kwenye tairi la ubavu mrefu utaisikia mara moja kwenye kona. Pima asubuhi nje, gari likiwa halijatembea.

Kina cha kashata kikifika milimita 4, hilo si tairi la theluji tena, hata kama sheria za nchi nyingi zinakuruhusu hadi 1.6. Kwenye gari la kusukumwa nyuma matairi ya nyuma hufika hapo kwanza. Ndiyo maana saizi moja pande zote ina faida ya pili: kila kilomita 8,000 unahamisha ya nyuma mbele, upande uleule, na seti nzima inakwisha pamoja. Mwenye 911 hana njia hiyo. Yeye atanunua jozi ya nyuma mara mbili kabla ya kugusa ya mbele.