Kozi ya Ulinzi wa Alekhine: "nauza kozi, siuzi akili"

Nimeandika haya nikiwa bado nimekereka, kwa hiyo mnivumilie. Muuzaji wa kozi hii ya Ulinzi wa Alekhine, namna mojawapo ya mweusi kuanza mchezo wa sataranji, simtaji, ila wacheza sataranji mlioko kwenye magrupu ya simu mtamjua kwa tangazo lake: "Mwache mweupe asukume askari, wewe umsubiri, atajimaliza mwenyewe." Nililipa kwa simu, nikapakua video zote usiku bando likiwa rahisi, nikaanza kusoma.

Niwe mkweli, masomo ya mwanzo ni matamu. Mweupe anasukuma askari e4 (herufi na namba ni jina la nyumba ubaoni), wewe unatoa farasi f6 unamchokoza. Anakuja e5, farasi anahamia d5. Unamruhusu ashike katikati ya ubao, halafu unaivunja. Jamaa anaeleza kwamba Alekhine, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliucheza Budapest mwaka 1921, ukabaki na jina lake, enzi ambazo wachezaji kina Nimzowitsch na Réti walikuwa wanabishana na wakubwa wao kwamba katikati si lazima uijaze askari, unaweza kuitawala kwa mbali. Somo zima kaliweka kwa Fischer alivyomfunga Spassky kwa ulinzi huu wakigombea ubingwa wa dunia Reykjavik, 1972, mchezo wa 13. Nikajiona nimepata silaha.

Nikaenda nayo kijiweni Mwanga. Pale wengi ni watu wa drafti, na sataranji yao ni ya kidrafti vilevile: mbele tu. Nikakaa na mzee mmoja mstaafu wa reli. E4, farasi f6. E5, farasi d5. D4, nikacheza d6. Akasukuma c4, farasi akakimbilia b6. Kisha mzee, bila hata kuufikiria ubao, akasogeza f4. Askari wanne wamejipanga, c, d, e na f, wananitazama.

"Mwanangu, huyo farasi wako hajachoka kukimbia?" Kijiwe kizima kikacheka.

Mimi nikafuata kozi. Kozi inasema g6, askofu g7, mfiche mfalme, subiri. Nikasubiri. Askofu wangu pale g7 alikuwa amefungiwa njia na askari wa e5, kazi yake ikawa kumtazama tu kama mtu aliyefika stesheni treni imeshaondoka. Farasi wa b6 hana pa kwenda. Askari wa f akaja f5, njia za kwa mfalme wangu zikafunguka, malkia wa mzee akahamia upande ule, na hapo sina la kueleza zaidi. Chai nililipa mimi.

Usiku ule nikarudi kwenye video kutafuta somo la askari wanne. Halipo! Na ule mchezo wa Fischer anaoupigia debe, Spassky mwanzoni hakusukuma c4 wala f4. Alitoa farasi f3 kwa utulivu, ndipo Fischer akajibu g6. Jamaa kachukua dawa ya mtu mpole, kaiuza kwa kila mgonjwa.

Nikamwandikia kwa adabu kabisa: kaka, shikamoo ya kazi, naomba sehemu ya mashambulizi ya askari wanne. Tiki mbili za bluu. Kimya. Siku kadhaa baadaye nikamkumbusha, akatuma sauti fupi, nyuma yake muziki: "Kaka, hiyo watu hawaichezi siku hizi. Halafu mimi nauza kozi, siuzi akili."

Siuzi akili! Mimi ni mteja wako. Akili nani kakuomba? Nilikuomba somo ulilolitangaza: "majibu kwa kila shambulio". Watu hawaichezi? Aje Mwanga aone kama hawaichezi.

Kwa hasira hizo nilitaka kuandika kwamba ulinzi wenyewe ni utapeli. Siwezi. Kijana mmoja wa sekondari alinionyesha bure, tukiwa tumesimama: ukishaona f4 usisubiri, kula e5 palepale. Akirudisha kwa askari wa f, toa farasi c6, askofu f5 kabla hujafunga njia yake kwa e6, kisha askofu e7, mfiche mfalme, halafu piga f6. Wale askari wanne wanahitaji walinzi, na walinzi wenyewe bado wamelala nyumbani. Nimejaribu kwa wengine, inafanya kazi. Si rahisi, d5 ya mweupe ikija inatisha kweli, lakini unapumua.

Kwa hiyo ulinzi nyota nne. Kozi nyota mbili. Hapana, moja, kwa ile sauti. Ingawa somo la kumaliza mchezo kwa farasi dhidi ya askofu kalifundisha vizuri kuliko yeyote niliyemsikia kwa Kiswahili, na hilo linaniudhi zaidi. Video zilizobaki nimezifuta, zilikuwa zinajaza simu. Hilo moja nimeliacha.