Kishikio cha puli ya skuta: ununue ama uchomeshe?
Wazee wa skuta, hiki cha kuzuia puli isizunguke ukifungua nati ya variata (puli ya mbele inayobadilisha gia yenyewe kwa mkanda), dukani ama kwa fundi wa kuchomea? Kwa bei cha kuchomesha hakina mpinzani, chuma bapa na bolti mbili zilizopimwa matundu ya puli yako, basi. Shida kinaingia skuta moja tu, na kipimo kikikosewa milimita mbili kinateleza kinakula mapezi ya puli (yale ya feni pembeni), mimi nishavunja mawili hivyo alafu puli ikaanza kutetema. Cha dukani unakirekebisha upana, kinashika mpaka bakuli la klachi, ila vile vya bei rahisi hupinda mkono. Kutu na hii chumvi ya bahari inakula vyote, paka grisi. Una skuta yako moja? Chomesha. Unafungulia watu skuta zao Kongowea, hapa Mombasa, kila siku? Nunua. Kukwamisha puli na bisbisi hapana jamani.