Kozi ya Jioni ya Majokofu na Viyoyozi: Tathmini ya Keshia Anayesubiri Barua

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya majuma kumi. Inafundishwa jioni tatu kwa juma pamoja na Jumamosi nzima, katika chuo binafsi cha ufundi upande wa Temeke, Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 380,000. Jina la chuo siliandiki, kwa kuwa ninazo kasoro za kueleza, na vyuo vinavyotoa kozi za namna hii ni vingi kiasi kwamba maelezo yangu yatamfaa hata anayefikiria chuo kingine. Sikujiunga kwa kupenda majokofu. Nilijiunga kwa sababu nilikuwa na uamuzi wa kufanya: niache kazi ya benki nikiwa na miaka 37 na kuanza ufundi, au nitafute dirisha jingine katika benki nyingine. Kwa hiyo swali langu kuu kuhusu kozi hii ni kama ilinisaidia kuamua.

Nilianza ukeshia miaka tisa iliyopita, wakati foleni ya watu waliokuja kulipia ada na tozo za serikali ilikuwa ikitoka nje ya mlango wa tawi. Baadaye ikaja kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrol namba, na watu wakaanza kulipa kwa simu wakiwa nyumbani kwao. Wakaja pia mawakala wa benki, mmoja karibu kila kona, wenye mashine ndogo juu ya meza ya duka la vocha. Madirisha sita ya tawi letu yamebaki matatu, na mchana wa katikati ya mwezi hata hayo matatu hukaa bila mteja. Mwezi wa Februari tuliambiwa kikaoni kwamba muundo wa matawi unapitiwa upya. Mtu aliyekaa benki miaka tisa hahitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Kabla ya kuchagua kozi yoyote nilikaa na daftari nikapiga hesabu, na ninamshauri kila aliye katika hali yangu afanye hivyo mapema, kwa sababu wengi wetu hukibebesha kiinua mgongo matumaini makubwa kuliko uwezo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo, aeleze sababu zake, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Malipo ya kiinua mgongo ambayo sheria inayaweka kama kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 780,000. Nikiugawa kwa siku 26 za kazi napata 30,000 kwa siku, siku saba ni 210,000, na kwa miaka tisa ni 1,890,000. Hiyo haifiki mishahara miwili na nusu. Zipo pia siku 28 za notisi na haki nyingine kama malipo ya likizo ambayo hujaichukua, lakini hata ukijumlisha yote hupati mtaji wa kukaa mwaka mzima ukijifunza kazi mpya. Tena anayeacha kazi mwenyewe, kwa kawaida, hana dai la kiinua mgongo hicho. Hapo ndipo nilipoona kwamba kozi ya mchana, hata iwe nzuri namna gani, isingenifaa, kwa sababu ingenilazimu kuondoka kabla ya kuondolewa.

Niliwahi pia kumlipa mshauri wa masuala ya kazi shilingi 60,000 kwa mazungumzo ya saa moja na nusu. Alinijazisha dodoso refu, akaniambia kwamba napenda utaratibu na ninawaweza watu. Hayo niliyajua. Alichoshindwa kunieleza ni fundi wa majokofu anapata nini mwezi wa Julai, wakati wa baridi.

Sasa kozi yenyewe. Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na wanane, wanawake watatu, na wengi wetu tulikuwa tumetoka kazini moja kwa moja na mashati yetu ya ofisi. Mwalimu ni mzee aliyefanya kazi hii katika viwanda vya barafu na hoteli kwa miaka mingi, na ndiye aliyekuwa sababu kubwa ya mimi kuona ada yangu haikupotea. Jioni ya kwanza hakutugawia makaratasi. Aliweka friji moja bovu juu ya meza akatuuliza kwa nini halipoozi, na karibu darasa zima likajibu kwamba gesi imekwisha. Akatikisa kichwa. "Wanangu, gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka humo humo. Ukiikuta imepungua, basi kuna mahali inatokea, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu amemuuzia mteja siku chache tu." Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaziwa gesi mara tatu kwa miaka miwili kwenye friji langu la nyumbani, kila mara kwa shilingi 50,000, na sikuwahi kuona mtu akipaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta tundu hilo. Juma la pili nilipaka mwenyewe. Mapovu madogo yalijitokeza nyuma, pale bomba jembamba linapoungana na chujio.

Juma la nne tulifundishwa kuunganisha mabomba ya shaba kwa moto, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu wote kabla ya kuelewa. Nilikuwa nikielekeza moto kwenye kijiti cha kuungia, nacho kinayeyuka, kinadondoka kama machozi na hakishiki popote. Mwalimu alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kiache kijiti. Pasha bomba. Bomba likiwa tayari litakivuta lenyewe." Nikapasha bomba hadi likawa jekundu la kufifia, nikagusisha kijiti upande wa pili usio na moto, nacho kikayeyuka na kukimbia ndani ya ungio, kikalizunguka lote kwa pumzi moja. Kwa miaka tisa vidole vyangu vimezoea noti, na sikutegemea kwamba vingefurahi hivyo kwa kipande cha shaba. Naliandika hili kwa sababu linahusu uamuzi: huwezi kujua kama mwili wako unaikubali kazi kwa kusoma maelezo yake.

Kasoro zipo na zina uzito. Chuo kina pampu moja tu ya kunyonyea hewa na unyevu katika mfumo kabla ya kuweka gesi, na hatua hiyo ikifanywa kwa haraka unyevu unaobaki huchanganyika na mafuta ya kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, na kuyageuza tindikali. Kwa wanafunzi kumi na wanane na pampu moja, wengi walitazama tu. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: muda mwingi ulitumika kwenye viyoyozi vya zamani vya gesi ya R22, gesi ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua, ilhali viyoyozi vinavyouzwa madukani leo vingi ni vya inveta, yaani vinavyobadili kasi ya kompresa kulingana na joto, vyenye gesi ya R410A au R32. R410A hufanya kazi kwa presha inayozidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, hivyo geji za kupimia presha na mipira yake ni tofauti, na R32 inaweza kushika moto. Mambo hayo tulipewa jioni mbili tu, kwa kuchorewa ubaoni. Anayetaka kuishi kwa kazi hii miaka ishirini ijayo alihitaji majuma matatu. Tatu, cheti ni cha chuo chenyewe. Kabla hujalipa popote, uliza kama chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na uliza kabla hujavutiwa na mazungumzo ya mapokezi.

Sehemu bora kuliko zote haimo hata katika tangazo lao. Jumamosi nne za mwisho kila mwanafunzi huambatana na fundi anayefanya kazi mtaani. Mimi nilipangiwa kijana mmoja mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja, na nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Sinza, kwenye kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji juu ya kitanda cha watoto. Hakikuwa na ubovu wowote. Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba kwa ute na vumbi, akalizibua na kuosha vichujio kwa muda usiofika saa moja. Mwenye nyumba alishukuru sana, kisha akasema, "Fundi, hiyo nitakutumia jioni." Jioni ile haikutumwa. Ilitumwa siku ya kumi na moja, baada ya simu nne. Nilikuwa nimemzoea mteja anayesimama mbele yangu na fedha mkononi, na hilo lilinifundisha kuhusu maisha ya fundi kuliko darasa lolote.

Kwa kuwa mahesabu ndiyo kazi yangu, nilimwomba anionyeshe daftari lake, naye hakuwa na kinyongo. Tulikaa chini ya mwembe tukapitia miezi kumi na miwili. Machi, joto la Dar likiwa juu, alibakiwa na shilingi 1,310,000 baada ya kutoa vipuri. Julai alibakiwa na 290,000. Wastani wa mwaka ulikuwa kama 740,000 kwa mwezi, kabla ya nauli na matengenezo ya vifaa. Huyo ni mtu mwenye wateja wake wa miaka kumi na mmoja, na bado yuko chini ya mshahara wangu wa msingi. Mimi nitakayeanza na geji mpya na bila mteja hata mmoja nitapata pungufu ya hapo kwa muda, na Juni, Julai na Agosti zitakuja kila mwaka. "Dada," aliniambia, "kazi hii inalisha, ila inataka uwe umeweka akiba ya baridi wakati wa joto."

Kama shule ya kumtoa mtu akiwa fundi kamili, kozi hii haitoshi, na tangazo lao linalosema "ajira baada ya miezi mitatu" halikupaswa kuandikwa. Kama njia ya kuijaribu kazi nyingine huku mshahara wa kwanza ukiendelea kuingia, ningelipa ada ile ile tena, na ningempendekezea hasa mtu aliyesikia mazungumzo ya kupunguzwa lakini hajapata barua. Anayetaka cheti chenye nguvu aulizie kozi za VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, Chang'ombe au penginepo, na aliyekwisha kuwa na ujuzi wa mtaani aulizie utaratibu wao wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Mimi nimeamua kubadili kazi, lakini siandiki barua ya kujiuzulu. Nitabaki dirishani hadi benki iseme yenyewe, kila mwezi natenga shilingi 150,000 kwa ajili ya miezi ya baridi, na Jumamosi naendelea kutoka na yule kijana bila malipo, nikimwandikia risiti na kuwafuatilia wadaiwa wake. Jumamosi iliyopita aliniachia ungio la kwanza nyumbani kwa mteja, Tabata. Nilipaka povu mara mbili. Hapakutoka pumzi.